Kifaransa Chote

"Kifaransa chote kimo ndani ya nyumba yangu! Ukitoka mlangoni kwangu ukakutana na neno ambalo sikukufundisha, jua hilo si Kifaransa, hizo ni kelele!"

Bi Torshoni aliyasema hayo kwa kipaza sauti cha kukodi, siku ya kuwaaga wanafunzi wake watatu wa kwanza, mbele ya viti arobaini vya plastiki, ishirini na sita kati yake vikiwa na watu. Watu wakapiga makofi. Wengine walipiga kwa kufurahi, wengine kwa sababu soda zilikuwa hazijagawiwa na hakuna aliyetaka kuonekana mchoyo mapema. Kwenye safu ya nyuma alikaa fundi cherehani wa mtaa, mtu aliyehamia kutoka nchi nyingine ambako Kifaransa alikisoma kuanzia chekechea mpaka kidato cha mwisho. Fundi alikohoa. Mara moja tu. Bi Torshoni alimsikia, akainua kidevu, akaendelea kuhutubia.

Wiki iliyofuata kibao kikapanda getini: KIFARANSA CHOTE. MIEZI MITATU.

Hakuwa tapeli, tumpe haki yake. Miaka ishirini na sita alifanya kazi kwa Madamu, mjane wa Kifaransa mwenye nyumba ya vyumba tisa, paka wawili, na subira iliyowatosha paka peke yao. Aliingia kwenye nyumba ile akiwa na miaka kumi na tisa na neno moja la Kifaransa, nalo lilikuwa hilohilo "Madamu". Alipotoka, Madamu alipofunga mizigo na kurudi kwao kuzeekea huko, alikuwa na maneno mia mbili na kumi na nne. Aliyahesabu kwenye daftari, jioni moja, akashangaa yalivyokuwa mengi. Watu wana digrii na hawajui wanajua maneno mangapi.

Yote yalikuwa ya nyumbani. Fagio lilikuwa le bale. Kitambaa cha kudekia, la serpiyé. Vyombo vichafu, la veseli. Shuka, le dra. Bomba, le robine. Hata pipa la taka lilikuwa na jina la kutembea nalo kifua mbele, la pubel, na jirani mmoja alikaribia kumpa mjukuu wake jina hilo kabla hajaambiwa maana. Bi Torshoni mwenyewe alibandikwa jina la le torshon, kitambaa cha kukaushia vyombo, kwa kuwa kitambaa hicho kilikaa begani mwake asubuhi hadi jioni kama cheo cha jeshi.

Darasa lilikuwa nyumba yake ya vyumba viwili. Kwenye kila kitu ndani kilining'inia kikaratasi kilichofungwa kwa uzi mweusi: dirisha, sufuria, mto, ndoo, pasi. Upepo ukiingia, nyumba nzima ilitikisa karatasi kana kwamba inataka kusema kitu. Na alikuwa na namna yake ya kufundisha. Neno haliandikwi kwanza; linashikwa. Unashika fagio, unafagia, unasema bale, unafagia tena, mpaka mkono ujue. Mkono ukishajua, mdomo hauna ujanja, utafuata.

Lakini juu ya maneno yote mia mbili na kumi na nne palikuwa na somo moja, la siku ya kwanza na la siku ya mwisho. Mwalimu anasimama mezani na mwiko mkononi. Anatoa amri, yoyote ile. Mwanafunzi anatakiwa kujibu "Wi, Madamu!", yaani ndiyo Madamu, kabla mwiko haujagonga meza. Mwiko ukigonga kwanza, umefeli, unaanza upya.

"Mwiko usikutangulie!" alikuwa akipiga kelele. "Ukishasema wi, una kazi. Ukianza kufikiri, una nauli ya kurudi kwenu!"

Hilo nalo hakulitoa hewani. Mwaka wake wa pili kwa Madamu, mtunza bustani aliagizwa jambo, akasimama akikuna kichwa, akitafuta maana. Sekunde tatu, labda nne. Kesho yake bustani ilikuwa na mtu mwingine. Tangu siku hiyo Bi Torshoni hakumpa Madamu hata sekunde moja ya kusubiri, na miaka ishirini na sita ni ushahidi.

Miongoni mwa wanafunzi wa mwaka wa nne tangu kibao kipande alikuwemo binti wa marehemu mdogo wake. Mtaani walimwita Chapuchapu. Mama yake alikuwa msusi, na binti alirithi vidole vile: kichwa kizima cha misuko myembamba alikimaliza wakati wenzake bado wanatafuta kitana. Mama alipofariki, Bi Torshoni alimchukua, akamlea, na kila aliyeuliza alimwambia, "Huyu mikono yake ni duka, inasubiri kufunguliwa tu." Mpango ulikuwa mmoja na kila mtu aliujua. Chapuchapu aende ng'ambo afanye kazi za ndani miaka miwili, arudi na mtaji, afungue saluni. Kioo kikubwa, viti vitatu vya kuzunguka, jina la mama yake juu ya mlango.

Darasani alikuwa wa kwanza. Mwiko haukuwahi kumtangulia hata siku moja. Ila wiki ya mwisho aliuliza swali.

"Mama Mkubwa, na kama siwezi?"

"Huwezi nini?"

"Chochote. Kama ameniambia kitu na siwezi tu."

"Unasema wi, Madamu. Halafu unaweza."

Darasa likaangua kicheko. Chapuchapu naye akacheka. Bi Torshoni akagonga mwiko, wakaendelea na vyombo vya fedha.

Akaenda. Simu zikawa kila Jumapili. Madamu wa huko ni mwema, Mama. Watoto wawili, wanapenda kusukwa. Chumba changu kina dirisha. Kazi ni ileile, Mama, kila kitu kina jina ulilonifundisha. Bi Torshoni aliweka simu kwenye spika ili wanafunzi wapya wasikie, akawa anatikisa kichwa taratibu kama padri kwenye mahubiri ya mwenzake.

Mwezi wa nane tangu aondoke, asubuhi ya katikati ya wiki, Chapuchapu akafungua geti mwenyewe. Sanduku mkono wa kushoto. Mkono wa kulia mfukoni mwa sweta, na jua lilikuwa kali kiasi cha kukausha shuka kabla hujamaliza kuianika.

"Hukusema unakuja!" Bi Torshoni akamkumbatia, akamsogeza, akamtazama, akamkumbatia tena. "Likizo?"

"Nimerudi, Mama."

Chai ikaja. Chapuchapu akashika kikombe kwa mkono wa kushoto. Bi Torshoni aliona, akasogeza sahani ya mkate upande wa kulia. Binti akanyoosha mkono wa kushoto, akavuka meza nzima, akachukua mkate.

"Toa mkono."

"Mama, nimechoka na safari, baadaye tu..."

"Toa mkono niuone."

Akautoa. Vidole viwili, cha kati na cha pete, vilikuwa vimenyooka. Vingine vilikunjika alipoambiwa kunja. Hivyo viwili vilibaki vimesimama, vimetulia, kama wageni waliokaa sebuleni wakati wenyeji wanahangaika jikoni. Kwenye kiganja, chini yake, kovu jembamba.

Akasimulia, na hadithi yenyewe ilikuwa fupi. Mwezi wa tatu wa kazi alikuwa anaosha la veseli. Glasi ilipasuka ndani ya maji, ndani ya mkono wake. Damu nyingi. Madamu alikuja mbio, akaosha, akafunga bandeji mwenyewe. Akauliza kitu.

"Ukasemaje?"

"Wi, Madamu."

"Kesho yake?"

"Kesho yake aliuliza tena. Aliuliza kila asubuhi, Mama. Alikuwa anashika mkono wangu, anatazama bandeji, anauliza taratibu. Maneno mengi. Sikujua hata moja, halikuwemo la nyumbani. Nikasema wi. Anafurahi, ananipiga begani, anaondoka."

"Wiki ngapi?"

"Mpaka kidonda kikafunga. Baadaye akaona siwezi kukamua serpiyé. Akanipeleka kwa daktari, daktari akamgombeza, yeye akalia. Nikaendelea na kazi nyepesi, lakini kazi nyepesi nazo zina mwisho. Akanikatia tiketi mwenyewe. Alilia tena uwanja wa ndege."

Bi Torshoni alitaka mtu wa kumkasirikia. Alimtafuta kwenye hadithi ile juu mpaka chini. "Alikuwa anakunyima chakula? Anakutukana?"

"Hapana, Mama. Angekuwa mbaya ningetoroka."

Siku ya pili wakaenda hospitali. Daktari wa mifupa alikuwa kijana mwenye sauti ya upole na kalamu iliyovuja mfukoni. Alieleza kwa kuchora nyuma ya bahasha: ndani ya kiganja kuna kano, kamba zinazokunja vidole. Glasi ilikata mbili. Kamba ikikatika inajivuta kurudi ndani, kama mpira wa suruali, na ikikaa huko muda mrefu inashikamana na nyama.

"Angeonwa wiki ile ya kwanza, zinaunganishwa," alisema. "Sasa nitakudanganya nikikuahidi. Hivi hukuwaambia kwamba vidole havikunjiki? Kwamba inauma?"

Chapuchapu akatazama sakafu. Bi Torshoni akatazama kalamu iliyovuja.

Nyumbani ndipo alipofoka, maana hofu ikikosa mlango hutokea kwenye mdomo. "Neno moja tu! Ulishindwa kusema inauma?"

"Ningesemaje, Mama?"

Bi Torshoni akafungua mdomo amwambie. Mdomo ukabaki wazi. Akageuka kutazama nyumba yake, vikaratasi vyote vile kwenye nyuzi zao, dirisha, ndoo, mto, pasi, mia mbili na kumi na nne, akavipitia kimoja kimoja kama mtu anayetafuta funguo sehemu ambayo ameshatafuta. Halikuwemo. Halikuwemo kwenye daftari wala kichwani. Miaka ishirini na sita ndani ya Kifaransa, hakujua kusema inauma.

Akakaa kwenye kigoda, na alipokaa nyonga ikamchoma, upande wa kushoto, kama kila siku. Mtaa mzima ulijua nyonga ya Bi Torshoni. Alikuwa akisema ni baridi. Haikuwa baridi. Alikuwa kwenye ngazi anafuta la fenetri la juu, mwaka wa tisa wa kazi, ngazi ikateleza. Madamu alitoka chumbani, akapiga magoti chini, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata kwa paka, akauliza kitu kwa sauti ndogo ambayo Bi Torshoni hakuwahi kuisikia kwake. Na yeye, akiwa bado chini, kabla hajajua kama mguu upo, alijibu wi, Madamu. Akainuka. Akamaliza dirisha. Kwa miaka mingi alijisifia siku hiyo moyoni.

Sasa ndipo alipojua aliulizwa nini.

"Mwanangu," akasema, "utanisameh..."

"Ndiyo, Mama."

Lilitoka mbio. Neno "utanisamehe" lilikuwa bado halijafika mwisho. Mwiko wenyewe usingeliwahi. Bi Torshoni alilisikia jibu lile na akajua ni mwanafunzi bora kuliko wote aliowahi kufundisha, akaingia chumbani, akafunga mlango.

Asubuhi akaenda kwa fundi cherehani. Fundi alikuwa na tepu shingoni na pini tatu mdomoni.

"Karibu, Mwalimu. Gauni au sketi?"

"Neno."

Fundi akatoa pini, moja moja, akazichomeka kwenye mto.

"Siku ile ya viti ulikohoa," Bi Torshoni akasema.

"Vumbi."

"Fundi."

"Sawa. Halikuwa vumbi."

"Kwa nini hukusema?"

"Wewe ulikuwa na kipaza sauti. Mimi nilikuwa na kiti cha plastiki." Akacheka kidogo, kisha akamwangalia usoni, kicheko kikakatika. Habari za mkono wa Chapuchapu zilikuwa zimeshapita dukani kwake, kama zinavyopita habari zote. "Unataka neno gani, dada?"

"Nataka kusema inauma."

"Jé mal."

"Siwezi?"

"Je ne pe pa."

"Na hapana?"

"Aa, Mwalimu! Hapana hulijui?"

"Ni non. Nalijua. Nimelisikia kila siku ya Mungu, mimi na paka." Akaliweka sawa le torshon begani. "Nataka unifundishe kulisema."

Fundi hakutania tena. Alifunga cherehani, akavuta stuli ya pili, na kwa saa nzima wateja waliopita waliona Mwalimu wa Kifaransa amekaa kama mtoto wa darasa la kwanza, anarudia maneno matatu. Aliondoka na vikaratasi vitatu. Fundi alimwandikia kwa mwandiko mzuri.

Nyumbani akatoa uzi mweusi. Akazunguka vyumba vyote viwili na vikaratasi vile mkononi akitafuta pa kuvifunga. Kwenye dirisha pana neno. Kwenye ndoo pana neno. Chapuchapu alikuwa amekaa mkekani akimwangalia. Mwishowe binti akanyoosha mkono wa kulia, vidole viwili vimesimama.

"Hiki cha inauma kifunge hapa."

Alisema bila hasira, na bila utani pia. Bi Torshoni hakuweza. Akaviweka vyote vitatu mezani, akaviwekea mwiko juu visipeperuke.

Jumatatu wanafunzi walikuwa saba. Wakasimama mstari, wanafunzi wazuri, vitambaa begani kama mwalimu wao.

"Leo," akasema, "nikitoa amri, mnajibu non."

Wakacheka.

"Sitanii. Wewe. Bale!"

"Wi, Mad..." Msichana akajiziba mdomo. Wakacheka tena, lakini kidogo.

"Tena. Bale!"

"Wi..."

Wa pili akasema wi. Wa tatu akasema wi, akaanza kutafuta fagio kwa macho. Wa nne alisimama kimya, jasho linamtoka kwenye pua, mpaka mwiko ukagonga. Wa tano alisema non, kwa sauti ya mtu anayekiri kuiba sukari. Hakuna aliyecheka tena. Walikuwa wameingia wakidhani wanajifunza lugha, na sasa kila mmoja alikuwa anagundua kuna kitu kilishafungwa kwenye mdomo wake kwa uzi.

"Mama naye ajaribu," akasema Chapuchapu kutoka mkekani.

Darasa likageuka. Binti akasimama, akaja mezani, akachukua mwiko kwa mkono wa kushoto. Akamtazama mama yake mkubwa moja kwa moja.

"Madamu Torshoni. La veseli!"

"Wi, Madamu," akasema Bi Torshoni.

Akashtuka mwenyewe. Akafuta uso kwa kitambaa.

"La serpiyé!"

"Wi, Ma... Ngoja. Tena."

"La fenetri!"

Mwiko ulipanda, ukashuka, ukagonga meza, na Bi Torshoni alikuwa bado amesimama, mkono kwenye nyonga, midomo inatafuta. Amri tano, kumi. Wanafunzi wakaacha kutazama, wakaona haya kwa niaba yake. Ilikuwa amri ya kumi na ngapi, hakuna aliyehesabu, ndipo likatoka, dogo, bovu, halina hata matamshi ambayo fundi aliyafundisha saa nzima.

"Non."

Chapuchapu akaweka mwiko chini. "Haya," akasema. "Wote. Kuanzia mwanzo."

Tangu hapo somo la kwanza likawa lake. Kusuka alijaribu pia. Kichwa alichokuwa akikimaliza asubuhi sasa kilimchukua siku nzima, na wateja wanapenda urembo lakini hawapendi kukaa; wakaja mara moja, wakamsifu sana, hawakurudi. Kuhusu kioo na viti vitatu hakuna aliyezungumza tena ndani ya nyumba ile. Kichwa kimoja tu ndicho kilichobaki kwake, cha Bi Torshoni, kilichojaa mvi na kisicho na haraka.

Ilikuwa Jumapili, mchana, miezi miwili baadaye. Bi Torshoni amekaa chini, binti kwenye kiti nyuma yake, anamsuka kwa vidole vilivyobaki. Vile viwili vilikuwa vikipita kwenye shingo yake, baridi, vimenyooka.

"Nikuulize?"

"Uliza, Mama."

"Umenisamehe?"

Mikono ikasimama. Karatasi zikatikisika kwenye nyuzi, zikatulia. Bi Torshoni hakugeuka. Alihesabu moyoni: tatu, nne, tano, akafika kumi na mbili, muda ambao ungetosha kuwafukuza watunza bustani wa mji mzima.

"Bado," akasema Chapuchapu.

"Haya."

Mikono ikaendelea kusuka, taratibu, msuko hadi msuko, na Bi Torshoni akafumba macho, machozi yakishuka mpaka kidevuni, wala hakuyafuta, ingawa kitambaa alikuwa nacho begani.

Asubuhi akamwita mchoraji vibao. Mchoraji akaja na makopo yake, akasimama getini, akasoma, akauliza anataka kuongezewa nini. Simu? Picha ya fagio? Maua pembeni?

"Futa hilo la pili. Chote."

"Chote kibao?"

"Neno. Linaloandikwa chote."

"Hilo tu? Na pale niandike nini? Patabaki wazi, Mama, patakuwa kama jino limeng'oka."

"Pabaki wazi."

Mchoraji akakuna kichwa, na Bi Torshoni akamwacha akune mpaka aridhike. Kufuta neno moja, akasema, ni elfu mbili.